Niache kazi kwa imani?

"Bwana Yesu asifiwe, mchungaji. Nimeajiriwa, huu ni mwaka wa 9. Kwa miaka 2 nimekuwa nikimwomba Mungu anifungulie karakana yangu ya ushonaji. Mwezi uliopita, tukiwa kwenye mfungo, nilikutana na Yoshua 1:3, kwamba kila mahali nyayo zitakapokanyaga Mungu amekwisha kutoa, na moyo wangu ukaruka. Kiongozi wa kikundi chetu cha maombi anasema niandike barua ya kuacha kazi mwisho wa mwezi huu na nichukue mkopo wa mashine 6, maana 'ukingoja uone kwanza, hiyo si imani'. Mume wangu hataki. Anasema na yeye ameokoka lakini hajasikia kitu. Mwaka juzi nilitoa akiba yangu yote kama mbegu, yaani sadaka ya kutarajia mavuno, sikuona chochote, nikaambiwa nilitoa kwa mashaka. Sitaki kukosea tena. Halafu mama yangu, tangu aombewe, ameacha vidonge vya presha. Anasema akivimeza atakuwa anamkana Mungu. Nikimwambia avimeze, nitakuwa nimeivunja imani yake?"

Amina, dada yangu. Umeuliza maswali matatu, lakini nilipoyasoma mara ya pili niliona hofu moja imeyafunga yote: unaogopa kwamba Mungu amekwisha kukuandalia kitu, na wewe kwa woga wako utakikosa, kama unavyoamini ulikikosa mwaka juzi. Hofu hiyo nadhani ndiyo inayokusukuma kuandika barua kuliko andiko lenyewe. Nakuomba usiiandike wiki hii. Ahadi ya Mungu haiozi ikikaa mwezi mmoja.

Tuanze na andiko lako, kwa kuwa ndilo lililourusha moyo wako na sitaki kulipita juu juu. Mstari wa 3 umeshaushika. Shuka hadi wa 11. Yoshua anawatuma maakida wapite kambini wawaambie watu waandae vyakula vya safari, kwa sababu baada ya siku 3 watavuka Yordani. Fungua sura ya 2: anatuma wapelelezi 2, kwa siri, wakaiangalie nchi pamoja na Yeriko. Huyu ndiye mtu aliyeambiwa na Mungu mwenyewe, "nimewapa". Akapika chakula, akatuma watu wakachungulie. Kwa kipimo cha kiongozi wenu, Yoshua alikuwa na mashaka. Lakini Biblia haimkemei hata kwa neno moja.

Sasa rudi nyuma kizazi kimoja, Hesabu sura ya 14. Wapelelezi 12 wamekaa katika nchi ya ahadi siku 40, wamerudi, watu wamelia usiku kucha, wamekataa kwenda. Mungu akasema basi, mtatangatanga miaka 40. Walipolisikia hilo wakaingiwa na huzuni. Asubuhi wakaamka mapema, wakaanza kupanda mlimani: tupo tayari, twende mahali Bwana alipotuahidia. Tazama walichokuwa nacho mkononi. Ahadi ilikuwa ya kweli, nchi ilikuwa ndiyo yenyewe, ujasiri ulikuwepo, hata toba walikuwa nayo kwa namna yao. Musa akawaambia msiende, Bwana hayumo kati yenu. Wakaenda. Sanduku la agano halikutoka kambini. Waamaleki na Wakanaani wakashuka, wakawapiga mpaka Horma.

Nimeikalia sura hiyo muda mrefu katika maisha yangu, na mtaona baadaye kwa nini. Ahadi ni ile ile ya nchi ile ile, lakini mlima ule mmoja ulipandwa bila Mungu kusema "pandeni". Ukiwatazama kwa mbali, hatua yao inafanana kabisa na hatua ya imani, pengine hata ina moto kuliko ya Yoshua.

Hapo ndipo kosa kubwa la mafundisho mengi ya siku hizi lilipo: imani inapimwa kwa ukubwa wa hatari. Anayeacha kazi anaonekana ana imani kuliko anayeomba likizo, anayetoa akiba yote kuliko anayetoa sehemu. Lakini Shetani naye alipompeleka Yesu juu ya kinara cha hekalu alimtaka achukue hatua kubwa sana ya imani, tena akamnukulia Zaburi ya 91, neno la kweli kabisa kuhusu malaika watakaomchukua mikononi. Yesu hakusema Zaburi hiyo ni uongo. Alisema, "Usimjaribu Bwana Mungu wako." Andiko la kweli linaweza kutumika kumsukuma mtu aruke pale ambapo Mungu hakumwambia aruke. Linganisha na Petro kwenye Mathayo 14. Mawimbi yanapiga, yeye yumo chomboni, na kabla ya kuinua mguu anasema: Bwana, ikiwa ni wewe, niamuru nije kwako. Alingoja aitwe. Yesu akasema, "Njoo." Neno moja tu, lakini alilipata kwanza.

Kiswahili chetu kinatusaidia hapa kuliko tunavyodhani. Imani, amana, uaminifu, amini na hata ile Amina unayoitikia ni watoto wa mzizi mmoja, na mzizi huo una ndugu yake katika Kiebrania, ndani ya neno lililotumika Mwanzo 15:6 Abrahamu alipomwamini Bwana. Ukimwachia mtu amana, umeitegemea tabia yake. Nguvu ya amana haitoki kwako wewe uliyeiacha. Inatoka kwa uaminifu wa aliyeipokea. Ndiyo maana ukubwa wa imani yako si jambo la kukunyima usingizi. Yesu alipoitaja alitumia punje ya haradali. La kuuliza ni hili: aliyeahidi ni nani, na amesema nini hasa?

Swali hilo la "nini hasa" ndilo watu wanaloliruka. Zipo ahadi ambazo kila aliye ndani ya Kristo anaweza kuzisimamia leo bila kumwuliza mtu. "Sitakupungukia kabisa, wala sitakuacha kabisa," Waebrania 13:5. Tukiziungama dhambi zetu, atatusamehe. Anayepungukiwa na hekima aombe, atapewa bila kukemewa, ndivyo asemavyo Yakobo. Hizi simamia kwa miguu yote miwili. Kisha zipo ahadi walizopewa watu fulani kwa kazi fulani, na nyayo za Yoshua ni mojawapo: zilihusu nchi yenye mipaka iliyotajwa kwenye mstari unaofuata. Tunajifunza humo tabia ya Mungu, kwamba akisema hutimiza, lakini hatuigeuzi kuwa hati ya kila kiwanja tunachokipenda. Yeremia 29:11 tumeitendea hivyo hivyo. Tunaibandika ukutani, "mawazo ya amani wala si ya mabaya", na mstari wa 10 unaosema miaka 70 tunauacha kwenye Biblia. Waliopokea barua ile uhamishoni Babeli wengi wao walifia huko huko, na agizo walilopewa lilikuwa wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao.

Je, Mungu anaweza kulichukua andiko la zamani akalisema moyoni mwako kwa jambo lako la leo? Anaweza, na nimeliona likitokea. Lakini msukumo wa namna hiyo hauji na uzito wa Maandiko. Unapimwa, na kuupima si kutokuamini.

Mfano ninaoupenda kuliko yote wa mtu kutenda juu ya ahadi ni Yeremia 32. Jeshi la Babeli limeuzunguka mji wa Yerusalemu. Yeremia amefungwa katika uwanja wa walinzi. Neno linamjia kwamba Hanameli, mwana wa mjomba wake, atakuja kumtaka anunue shamba la Anathothi. Yeremia hakukimbia kutafuta muuzaji. Hanameli akaja kweli, akasema maneno yale yale, na hapo ndipo Yeremia anaandika: ndipo nikajua ya kuwa neno hili ni neno la Bwana. Nabii huyo! Anajua baada ya kuthibitishiwa. Kisha anafanya nini? Anapima fedha kwenye mizani, shekeli 17. Anaandika hati, anaitia muhuri, anaita mashahidi. Nakala iliyofungwa na nakala iliyo wazi zote anampa Baruku, karani wake, azitie katika chombo cha udongo, zipate kukaa siku nyingi. Na baada ya yote hayo anapiga magoti na kumwambia Mungu, kwa maneno mengine, mbona hili silielewi?

Imani yote imo humo: neno lililothibitika, fedha aliyokuwa nayo, karatasi zilizo sawa, mashahidi, na bado swali moyoni. Shamba lenyewe wakati ule halikuwa na thamani kwa macho. Yeremia alinunua jambo la kichaa kwa utaratibu wa mhasibu.

Utaliona tena Matendo 27. Katikati ya dhoruba Paulo ameahidiwa kwamba hakuna hata nafsi moja itakayopotea melini. Mabaharia wanapotaka kutoroka na mashua, anamwambia akida, "Hawa wasipokaa ndani ya merikebu hamtaweza kuokoka." Kisha anawasihi watu wote wapate chakula, maana hawajala siku 14. Watu 276, na ahadi iliyo wazi, na bado mabaharia wanahitajika. Hiyo ndiyo namna ahadi inavyofanya kazi kwa kawaida: Mungu anaahidi mwisho, na njia za kuufikia zimo mkononi mwake pia.

Nisikudanganye kwa upande wa pili. Wapo walioitwa kutoka bila kuona. Abrahamu alitoka asijue aendako, na yeyote anayekufundisha kwamba imani haiwezi kugharimu kitu amesoma nusu ya Waebrania 11. Ila yeye alikuwa na miaka 75 alipotoka Harani na 100 Isaka alipozaliwa. Katikati ya ile miaka 25 alijaribu kuisaidia ahadi kwa kuzaa na Hajiri, mjakazi wa mkewe, na nyumba yake ikalia kwa sababu hiyo. Watu wanaotaja wanaume wa imani humtaja pia George Müller wa Bristol, aliyelea yatima takriban 10,000 hadi alipofariki mwaka 1898 bila kuomba fedha kwa mtu. Ni kweli. Wanachosahau kukuambia ni kwamba alikataa kabisa kuingia kwenye deni, na alitunza hesabu na kuzichapisha mwaka hadi mwaka. Ukitaka kumwiga, anza na daftari lake.

Nilisema nimeikalia Hesabu 14. Nikiwa na miaka 24 nilisaini mkopo wa vyombo vya muziki vya huduma niliyokuwa nimeianzisha. Nilikuwa na andiko, nilikuwa na ndoto, na rafiki wawili walinitabiria. Kaka yangu alinidhamini, ingawa mwenyewe hakuwa mtu wa kanisani sana. Nilishindwa kulipa mwezi wa 5 wa mkopo. Aliyelipa ni yeye, kwa mshahara wake, miaka 2. Hakuwahi kunisema. Lakini kwa muda mrefu nilipomtajia habari za Yesu alikuwa anatazama chini, na nilijua kwa nini. Hatua niliyoiita ya imani, mguu ulikuwa wangu na bei ilikuwa yake.

Ndiyo sababu siwezi kukujibu bila kumtazama mumeo. Deni mtalilipa wote. Anaposema hajasikia kitu, usimhesabu kama kizuizi cha ahadi. Mungu aliyesema nawe njia ya kufika moyoni mwake anaijua. Mwombe mfunge na kuomba pamoja, na wakati huo huo mwombe akuandikie anachokiogopa hasa. Mara nyingi waume hawaogopi biashara. Wanaogopa ile karatasi ya mkopo.

Kwa hiyo, njia ulizonazo ninavyoziona. Kuacha kazi mwisho wa mwezi na kukopa mashine 6: kwa maelezo uliyonipa, sikushauri. Hujaniambia kama una wateja hata 5, na mkopo huanza kudai kabla mteja hajaanza kulipa. Kulizika wazo zima: hilo nalo sikushauri. Miaka 2 ya maombi si upepo, na hamu ya kufanya kazi ya mikono yako ni njema. Katikati kuna njia ndefu na isiyo na ushuhuda wa kusisimua: mashine 1, jioni na mwisho wa juma, miezi 6 au zaidi, kila shilingi na kila uzi ukiandikwa. Itakuchosha. Wateja wengine utawakosa kwa sababu mchana haupo. Lakini mwishoni utakuwa na kitu cha kumwonyesha Mungu na mumeo, na pengine utagundua kwamba unapenda kushona ila hupendi kufukuzana na wadeni, na hilo ni bora ulijue ukiwa bado na mshahara. Yesu mwenyewe alisema anayetaka kujenga mnara aketi kwanza ahesabu gharama. Kwangu mimi, mwito ukithibitika, mumeo akiridhia, oda zikizidi jioni zako na mkawa na akiba ya kuwalisha watoto miezi kadhaa, nitakuwa wa kwanza kukusindikiza ukaipeleke hiyo barua. Ukibaki kazini kwa sasa, hujamkana Mungu. Anaweza kukutunza kwa mshahara.

Kuhusu akiba ya mwaka juzi, hili linaniuma. Uliambiwa ulitoa kwa mashaka. Soma Marko 9: baba anasema, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu," na mwanawe akapona siku ile ile. Mashaka yake aliyasema waziwazi mbele ya Yesu na hayakuzuia kitu. Petro alipozama aliulizwa mbona uliona shaka, lakini mkono ulikuwa umeshamshika. Paulo anafundisha kwamba utoaji hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo mtu, si kwa kadiri ya asivyo navyo, tena si kwa huzuni wala kwa lazima. Hakuna mahali Mungu alipokuahidi kwamba akiba ile ingerudi mara mia ndani ya mwaka. Aliyekuahidi ni mtu. Mungu hakukudanganya, na wewe hukufeli mtihani. Una haki ya kuhuzunika, na kama huzuni hiyo imekunyima usingizi au hamu ya kula kwa majuma, mwone mshauri au daktari. Hilo nalo halipimi wokovu wako.

Mama sasa. Tofauti na karakana, hili haliwezi kungoja. Mfalme Hezekia aliahidiwa na Mungu kwa kinywa cha Isaya kwamba ataponywa na kuongezewa miaka 15. Ahadi iliyo wazi kuliko hiyo sijui kama ipo. Na nabii yule yule akasema, twaeni mkate wa tini, wakauweka juu ya jipu, akapona. Dawa haikuitukana ahadi. Paulo alimshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake, na Trofimo, mwenzake wa safari, alimwacha Mileto akiwa mgonjwa bila kumlaumu imani.

Presha ina hila yake: kwa kawaida haiumi. Mama anaweza kujisikia mzima kabisa, akaimba na kucheza kanisani, huku mishipa inaharibika. Kwa hiyo "najisikia vizuri" si kipimo cha kupona. Kipimo ni kile kifaa cha mkononi, mara kadhaa, kwa siku tofauti. Dawa nyingine za presha zikikatwa ghafla huifanya ipande kwa kasi. Usibishane naye juu ya imani. Mwambie: mama, kama Bwana amekuponya, vipimo vitasema, na daktari mwenyewe atakupunguzia vidonge. Waliotakaswa ukoma Yesu aliwaambia waende wakajionyeshe kwa makuhani. Kupimwa hakukuharibu muujiza wao. Hutaivunja imani yake. Utakuwa umempa mahali pa kuisimamisha. Ila akipata maumivu makali ya kichwa au ya kifua, ulimi ukawa mzito, uso ukapinda upande mmoja au mkono ukalegea, msianze kuomba sebuleni. Ombeni ndani ya gari mkielekea hospitali.

Kabla ya uamuzi wowote wa kazi, ketini wewe na mumeo na mchungaji anayewajua kwa miaka, na mtu mmoja anayejua biashara ya nguo awaangalizie hesabu. Mwulize pia huyo kiongozi wa kikundi, kwa upole, kama yuko tayari kusaini kama mdhamini. Jibu lake litakufundisha kitu. Na akikukataza kuwaeleza wengine, au akitaka sadaka nyingine ili mlango ufunguke, ondoka pale bila kugombana.

Ila anza na mama. Kama hajapimwa tangu aache vidonge, mpeleke kesho asubuhi, na ile karatasi ya dawa zake za zamani mwende nayo.